Kreti Mbili za Dada Nicasia

Shangazi Nélida wa redioni, mpendwa,

Nishike mkono shangazi yangu, maana nina furaha ya kupasuka na aibu ya kuzama ardhini, zote kwa pamoja, na sijui nianze na ipi. Naanza na furaha kwa sababu ndiyo iliyonijaa na siwezi kuizuia: mwaka huu mimi na mume wangu Rufino ndio wadhamini wa sikukuu ya Bikira wa Karmeli hapa mtaani kwetu El Alto! Mimi, Eusebia Limachi, niliyeanza kuuza mapazia juu ya turubai lililotandikwa chini, kwenye upepo, nikiyashikilia kwa mawe yasipeperuke, leo nina maduka mawili ya mapazia na mablanketi na wasichana wanne wa kuuza, na mizigo inanifikia kwa kontena kutoka bandari ya Iquique, na nyumba yetu imemalizika, ghorofa tano, kijani na rangi ya chungwa, na ukumbi wa kuchezea una taa mia mbili, shangazi, mia mbili, hata abiria wa gari la kamba wakipita juu wanainama dirishani kututazama. Wale waliokuwa wakiniita "mtoto wa turubai" sasa wananiita Mama Eusebia, na wananipisha njia.

Nimeshonesha sketi kumi na mbili. Shali yangu ni ya manyoya ya vikunya, yule mnyama wa milimani, laini hadi unasahau kama umeivaa. Nimenunua hereni na bruchi ya dhahabu nzito kiasi kwamba Rufino amekodi walinzi wawili wa kutembea nami siku ya maandamano, fikiria, wanaume wawili wenye miwani myeusi wananilinda mimi! Bendi mbili za matarumbeta zinatoka Oruro, wacheza ngoma ya morenada ni mia na ishirini, na kila asubuhi nikiamka nakumbuka kuwa ni kweli na moyo unaruka kama wa msichana.

Sasa nakuja kwenye aibu.

Jumapili ya kwanza ya Juni, mchana, tulifanya mapokezi ukumbini kwetu. Unajua yanavyokwenda: kila mgeni anakuja na kreti zake za bia, mshereheshaji anatangaza jina na idadi, matarumbeta yanalia, watu wanapiga makofi, kreti zinapangwa. Rafiki yangu Hortensia, aliyekuwa mdhamini mwaka jana na ambaye hakuna anayefanya jambo hapa mtaani bila kumtazama uso, alileta hamsini. Hamsini! Aliingia nazo kwa ngoma yake mwenyewe, akazunguka ukumbi mzima huku sketi inapepea, na mimi nilikuwa nimekaa pale mbele kwenye kiti kirefu nikisikia raha mpaka vidole vya miguu.

Hapo ndipo alipoingia dada yangu Nicasia.

Lazima nikwambie ni nani huyu. Mama alikufa mimi nina miaka minne na Nicasia ana kumi na mitatu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenibeba mgongoni akichunga kondoo, yeye ndiye aliyenitafunia chakula nilipoumwa meno. Nilipofika miaka kumi na mitano nikalia kuwa nataka kuja mjini, akauza mitamba yake miwili, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo tu na ndiyo angeolewa nayo, akanipa fedha yote nikanunua majora yangu ya kwanza ya kitambaa. Hajaolewa. Hajawahi kuitaja ile mitamba hata siku moja. Bado anaishi kule kijijini upande wa ziwa, karibu na Ancoraimes, na mimi nilikuwa sijaenda kumwona miaka mitatu, ah, sitakudanganya, minne, kwa sababu ya duka, kwa sababu ya nyumba, kwa sababu ya hili na lile. Na wala mimi sikumwalika. Nilijiambia nitamwalika kwenye sikukuu yenyewe. Aliyempigia simu ni binti yangu Danitza, anayesoma chuo kikuu na kujiona ana akili kuliko sisi.

Basi akaingia, na sketi yake ya kazi iliyofuliwa mpaka imepauka, ndara za mpira, vumbi la safari hadi magotini, na nyuma yake kijana wa basi amembebea kreti mbili, na yeye mwenyewe mgongoni ana gunia la chuño, viazi alivyovikausha kwa baridi kwa mikono yake. Saa tano njiani na kreti mbili za bia, shangazi, mtu ambaye hanywi.

Mshereheshaji akamchangamkia, "Karibu mama! Tutangaze kwa jina gani?"

Akasema, "Dada wa mdhamini. Kreti mbili. Na hiki ni cha jikoni."

Mshereheshaji akanigeukia, akainua nyusi. Nami nikatazama meza ya Hortensia, nikaona Hortensia anatazama zile ndara. Nikainama nikamnong'oneza mshereheshaji, "Usimtangaze huyo. Watadhani tumefilisika. Mpeleke nyuma na magunia yake."

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Sauti yangu ilitoka kwenye spika nane ambazo Rufino alikodi kwa kujisifu kuwa zinasikika mpaka uwanja wa mpira. Kwanza mezani kwa Hortensia wakacheka.  Halafu mpiga tarumbeta aliyekuwa ameshainua tarumbeta lake akalishusha polepole hadi magotini, na naliona hadi leo linavyoshuka.

Nicasia akatua gunia. Akavua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa tena, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko wawili jikoni, "Eusebia mdogo wangu, mimi sikuja kutangazwa. Nilikuja kukuona umependeza. Nimekuona."

Akashuka ngazi. Nilisikia ndara zinapiga kila ngazi.

Na mimi nilifanya nini? Hili ndilo linaloniua. Hata sikuinuka. Niliinua glasi nikasema, "Muziki!" Nilisema "Muziki!" shangazi, na nikacheza saa tatu.

Tangu siku hiyo zile kreti mbili ziko jikoni na hakuna anayezigusa. Wiki iliyofuata nilimtuma Danitza kijijini na boliviano elfu tano na blanketi bora la dukani, lile lenye picha ya chui. Akarudi navyo vyote viwili, na jibini juu. Nikafurahi kuona jibini, nikanyoosha mkono, Danitza akalivuta. "Hili ni langu," akasema. "Mama mkubwa kasema usionje."

"Na fedha je? Kasema nini?"

"Kasema kama ungetaka kumlipa ungeanza zamani, na sasa hauzi tena."

Rufino anasema nisijiumize. "Mama Danitza, acha sherehe ipite, halafu tutamnunulia ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa, wa madoadoa. Atasahau." Hortensia anasema kila ukoo una watu wa kuwapiga picha na watu wa kuwaachia jikoni, na nisiharibu mwaka wangu. Danitza hali nasi mezani. Juzi aliniuliza, "Mama, na mimi nikiolewa na mtu wa kreti mbili, utanitangaza?"

Na kuna jingine, sijamwambia mtu. Rufino anataka tuuze duka la pembeni, lenye wasichana wawili, ili tulete kundi la muziki kutoka Mexico, kwa sababu mwaka jana Hortensia alileta kundi kutoka Lima. Ameshampata na mnunuzi. Mkataba uko juu ya kabati na mimi, nisikufiche, nusu yangu inataka kuusaini leo leo! Nikifunga macho naona jukwaa, naona mtaa mzima umejaa, nasikia watu wanasema Eusebia kawafunika wote.

Naomba unijibu mambo haya, na usinionee huruma. Niende kwa Nicasia kabla ya sikukuu au baada? Nikienda kabla, na akanifukuza, nitawezaje kucheza? Nikisubiri, si ndiyo nitakuwa nimemweka nyuma mara ya pili? Na duka je? Na hili la mwisho linaniogopesha kuliko yote: nikiwa peke yangu najaribu hereni mbele ya kioo na ninatabasamu, sijui kuacha. Je, mali ndiyo imenibadilisha, au nilikuwa hivi siku zote na nilikosa tu uwezo wa kuonyesha?

Mimi, Eusebia wa mapazia.

*

Eusebia mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, maana unaandika kama unavyocheza. Ya pili nilivua miwani.

Tuanze na ile furaha, kwa sababu naona unaniogopa kama vile nitakunyang'anya. Sikunyang'anyi. Miaka mingi ulishikilia mapazia kwa mawe kwenye upepo wa El Alto; ukitaka kuvaa shali ya vikunya, ivae, ukitaka kutabasamu mbele ya kioo, tabasamu mpaka kioo kichoke. Fedha yako ni ya jasho. Hakuna aliyedhulumiwa ili hereni zile zining'inie. Na sikukuu ni jambo jema: watu watakula, watacheza, watasahau baridi siku tatu. Mimi sina ugomvi na taa zako mia mbili.

Ugomvi wangu uko mahali pengine. Umenieleza sana habari ya kile kipaza sauti, kana kwamba ndicho kilichokosa. Kingekuwa kimezimwa, Nicasia angepelekwa nyuma vilevile, angekaa karibu na choo akila sahani ya mwisho, na leo usingeniandikia. Ungekuwa unajaribu hereni. Kwa hiyo kishukuru.

Unauliza kama mali imekubadilisha. Sijui, na wewe hujui, na haikusaidii kujua. Ninachojua ni kwamba siku ile ulitazama uso wa Hortensia kabla ya kuamua dada yako ni nani. Hapo ndipo pa kurekebisha. Mtu anayetumia fedha yake kwa kutazama uso wa jirani hana fedha. Fedha ni ya jirani, yeye anaibeba tu.

Nitakwambia langu, na sijawahi kulisema redioni. Marehemu mume wangu alipokuwa na malori mawili, nilimkataza mama mkwe wangu kukaa kiti cha mbele kwa sababu alinuka samadi. Alipanda nyuma na vitunguu, amejifunga turubai, wala hakulalamika. Nilisema moyoni, nikipata nafasi nitamwomba radhi. Alifariki Februari. Nimekwenda makaburini kila mwaka na maua mazuri kuliko ya mtu yeyote, na nakuhakikishia, maua hayasikii. Nicasia wako anasikia. Bado ana hasira ya kurudisha fedha na kumnyima mtu jibini! Huyo hajakuacha, Eusebia. Aliyekuacha angepokea elfu tano na kufunga mlango.

Sasa sikiliza unachofanya.

Unakwenda kabla, na si wiki ijayo, kesho. Unakwenda wewe, si binti, si mume, si dereva. Unapanda basi lile lile alilopanda yeye, na unavaa sketi ya zamani. Usiniambie huna, kila mwanamke aliyeanzia kwenye turubai ameficha moja. Hubebi fedha wala blanketi. Beba mkate na majani ya koka ya kutafuna, kama anavyobeba mtu anayekwenda kwa mkubwa wake. Na huyo ng'ombe wa Rufino, wa madoadoa sijui wa nini, asitajwe kabisa! Dada yako aliuza mitamba kwa ajili yako akiwa hana kingine. Ukimrudishia ng'ombe mmoja kutoka kwenye ziada yako utakuwa umemwambia bei, na bei yenyewe ndogo.

Ukifika utamkuta shambani, maana ni Juni na jalidi imeshaanza kuuma viazi. Usimwite nje muongee. Vua viatu, ingia kwenye viazi vya chuño, kanyaga naye maji yatoke. Akikunyamazia siku nzima, kanyaga siku nzima. Ukipata nafasi ya kusema, sema ulichofanya kwa maneno yako, yote, pamoja na lile la "Muziki!", na usiweke "lakini" popote. Halafu nyamaza. Usimwalike kwenye sikukuu mpaka yeye aiulizie. Akikufukuza, unarudi nyumbani na unafanya sherehe yako na moyo mzito, ndivyo itakavyokuwa, na mwezi wa nane unakwenda tena.

Habari ya duka. Shusha huo mkataba juu ya kabati na uuchane mbele ya Rufino, kwa upole, yeye si mtu mbaya, amelewa sifa tu kama wewe. Wasichana wawili wanakula kutoka duka lile, na sikuona jina la hata mmoja wao kwenye barua yako ndefu. Waimbaji wa Mexico watapanda ndege Jumatatu. Jumanne wasichana wale watakuwa barabarani na wewe utakuwa na picha. Sherehe inafanywa kwa faida ya mwaka, haifanywi kwa duka lenyewe. Kaeni chini wewe na mume wako na Danitza, huyo mwenye akili, mpange kiasi mtakachotumia, mfunge hapo. Hortensia akileta kundi kutoka mwezini, mpigie makofi.

Na la mwisho. Kabla ya kupanga viti, chukua karatasi, andika watu wote waliokuwa upande wako ulipokuwa huna kitu: aliyekukopesha turubai, aliyekulindia mzigo ukienda haja, aliyekupa supu. Hao ndio wakae mbele, na kila mmoja ajue amekaa pale kwa nini. Ikibaki nafasi, weka wenye kreti hamsini.

Sasa acha kusoma, kaangalie basi linaondoka saa ngapi.

Shangazi yako, Nélida.

*

Shangazi Nélida,

Naandika huku sauti imenikauka na miguu imevimba, sikukuu imeisha jana, na lazima ujue kabla sijalala!

Nilikwenda. Nicasia alikuwa shambani kama ulivyosema. Aliniona nikivua viatu, hakunisalimia, akasogea kidogo tu nipate pa kukanyaga. Siku mbili, shangazi, siku mbili hakunipa neno, isipokuwa "leta maji" na "funga banda." Viazi vimeganda kama vipande vya kioo, miguu yangu iliyolainika kwa mazulia ikawa inatoka damu, na mimi nakanyaga. Siku ya tatu asubuhi akapiga kelele, "We Eusebia! Unakanyaga kama uko kwenye morenada! Unavipasua!" Nikasimama nikalia pale pale, nikamwambia yote, na lile la "Muziki!" pia, na sikuweka "lakini."

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anageuza viazi. Kisha akasema, "Nilisikia nikiwa kwenye ngazi. Nikasema, huyu mtoto akiogopa hupiga kelele, tangu mdogo." Tukakaa. Akanikandia miguu kwa mafuta ya kondoo na kunitukana taratibu, tusi moja kila kidole, na jioni ndipo akauliza, "Hiyo sikukuu yenu ni tarehe ngapi?"

Duka halikuuzwa. Rufino alinuna siku nne, halafu nikamsikia anamwambia mtu kwenye simu kuwa wazo la kutouza lilikuwa lake. Wasichana wa duka lile wanaitwa Zenaida na Lidia, na wamecheza mstari wa pili. Ile karatasi ya watu wa zamani ilijaa pande zote mbili, sikujua kama walikuwa wengi hivyo. Bibi aliyenipa supu enzi za turubai bado yuko hai, kwa hiyo mbele ukumbini alikaa yeye. Hortensia alifika, akatafuta kiti chake, akakikuta safu ya nne. Alikaa. Baadaye nilimwona anamshikia bibi wa supu sahani.

Na Nicasia alikuja! Hakuja peke yake, alikuja na lori, watu kumi na wanane wa kijijini kwetu wamesimama nyuma na zumari zao na ngoma zao, hakuna aliyewaalika, hakuna aliyewaza watakula nini, na walipoingia mtaani bendi mbili za Oruro zikanyamaza zenyewe kuwasikiliza. Nilikimbia, na dhahabu yote ile, nilikimbia. Nikamshika mikono mbele ya watu wote nikaanza tena, dada nisamehe, dada nilikosa.

Akanikata. "Wewe, hiyo tuliimaliza shambani," akasema, akinivuta hadi katikati ya barabara. "Cheza!"